Ndege mpya za Juba zinamruka nani?

Boksi la simu za mkononi linaweza kufika soko la Konyo Konyo, Juba, kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndefu. Boksi linatoka kiwandani China, linaingia bandari ya Mombasa ndani ya kontena, linafunguliwa ghalani Eastleigh mjini Nairobi au kwenye vichochoro vya Kikuubo mjini Kampala, linanunuliwa kwa jumla, linapakiwa kwenye lori au basi hadi Elegu, linavuka mpaka kuingia Nimule, kisha linamaliza kilomita 192 za lami hadi Juba. Njia ya pili ni fupi. Boksi linapakiwa Dubai au Istanbul tumboni mwa ndege ya abiria, na baada ya saa chache linashushwa Juba.

Kwa mteja anayenunua simu moja, njia hizi hazina tofauti ila bei. Kwa msomaji wa gazeti hili, tofauti ni kubwa. Katika njia ya kwanza wapo watu wengi wanaopata riziki: mwagizaji wa Nairobi, muuzaji wa jumla wa Kampala, wakala wa forodha, dereva na utingo wake, wapagazi wa mpakani, mwenye nyumba ya wageni Elegu. Katika njia ya pili karibu wote hao wanarukwa.

Upanuzi wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba huzungumzwa zaidi kwa idadi ya abiria, urefu wa njia ya kurukia na heshima ya taifa. Hayo yana nafasi yake. Lakini mfanyabiashara anayevuka mpaka ana swali lake: ndege hizi zikiongezeka, ni bidhaa zipi zitaondoka mikononi mwangu, na zipi zitabaki?

Kutoka hemani hadi jengoni

Waliopita Juba miaka michache baada ya uhuru wa Julai 9, 2011 hawajasahau. Abiria walihudumiwa kwenye mahema yenye sakafu ya mbao zilizotoboka, mizigo ikikaguliwa kwa mkono juu ya meza na jasho likitiririka. Pembeni lilisimama jengo kubwa lililoanza kujengwa kabla ya uhuru, likakaa miaka bila kukamilika. Kufikia 2017 wasafiri walikuwa wakiutaja uwanja huo miongoni mwa vibaya kuliko vyote duniani.

Mabadiliko yalikuja kwa mkopo. Kazi ya kuukarabati na kuupanua uwanja ilipewa kampuni ya China Harbour Engineering, kwa fedha za Benki ya Exim ya China. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa 2018. Benki hiyo hiyo ndiyo iliyokopesha Uganda fedha za kupanua Entebbe kwa mkataba wa 2015, mkataba ulioleta mjadala mkali bungeni Kampala miaka sita baadaye. Tukumbuke basi kwamba viwanja hivi havikuletwa kama zawadi. Mkopo wa nje hulipwa kwa fedha za kigeni, na sehemu ya mzigo huo huweza kurudi kwa watumiaji kupitia ada za kutua, ada za abiria na ada za shehena. Mwenye kusafirisha mzigo kwa ndege ni mmoja wa walipaji, hata kama hajawahi kuuona mkataba.

Mashirika nayo yameongezeka. Ethiopian Airlines huunganisha Juba na Addis Ababa, Kenya Airways na Nairobi, EgyptAir na Cairo. Uganda Airlines, iliporudi angani Agosti 2019, iliiweka Juba miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo kutoka Entebbe. flydubai imeleta njia ya Ghuba, na Turkish Airlines imeifungulia Juba mlango wa Istanbul. Upande wa kaskazini mambo yamekwenda kinyume. Vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 viliufunga uwanja wa Khartoum, na mji uliokuwa njia ya zamani ya biashara ya Juba ukakatika kwa ghafla. Kusini na mashariki kukazidi kuwa na uzito.

Kati ya njia hizo zote, za Dubai na Istanbul ndizo za kuangaliwa zaidi na mfanyabiashara wa mpakani. Ndege ya Nairobi au Entebbe humleta mteja wa Juba karibu nawe. Ya Dubai na Istanbul humpeleka alikokuwa ukinunua wewe.

Hesabu ya uzito

Je, hii ni habari ya kifo kwa Kikuubo na Eastleigh? Hapana. Ndege ina kanuni moja isiyopindika: inatoza kwa kilo, na inabeba kidogo.

Tufanye hesabu ya mfano, kila mmoja aweke bei zake halisi. Tuseme nauli ya shehena ni dola 3 kwa kilo. Boksi la simu lenye kilo 20 na thamani ya dola 4,000 litalipiwa dola 60. Hiyo ni senti moja na nusu kwa kila dola ya mali, gharama ambayo mwenye simu haisikii. Sasa chukua gunia la unga la kilo 50 lenye thamani ya dola 30. Nauli yake ni dola 150, mara tano ya bei ya unga wenyewe. Hakuna atakayeupandisha unga huo ndege, isipokuwa shirika la misaada linalolisha watu waliozingirwa na mafuriko au vita.

Ukubwa wa ndege nao una neno. Uganda Airlines huitumia kanda hii ndege za CRJ900 zenye viti 76. flydubai ina Boeing 737 tu. Ndege hizi zikishabeba abiria na masanduku yao, nafasi inayobaki kwa shehena ni ya tani chache. Lori moja lenye tela linaloshuka kutoka Tororo kwenda Elegu hubeba karibu tani 28. Ndege za wiki nzima kutoka mji mmoja zinaweza zisiufikie msururu wa malori ya asubuhi moja mpakani.

Kwa hiyo ndege haichukui biashara yote. Inaigawa. Upande mmoja zinakwenda bidhaa nyepesi zenye thamani: simu na vifaa vyake, vipuri vidogo vya magari na jenereta, dawa, vipodozi, nywele za bandia, nguo za mitindo, vito. Upande wa pili zinabaki nzito na za bei nafuu: unga, mchele, mafuta ya kula, sukari, saruji, mabati, sabuni, vinywaji, vitunguu, viazi. Na haitoshi kusema zinabaki. Juba inakula kutoka barabara ya Nimule. Siku malori yanaposimama, bei sokoni hupanda kabla ya jua kuzama.

Upande wa kwanza, mabadiliko hayasubiri kontena. Mwanamke mwenye duka la nguo Juba hahitaji kuagiza tani. Anapanda ndege na sanduku tupu, anafika Laleli kule Istanbul au Deira kule Dubai, anarudi na vipande viwili vya mizigo na shehena kidogo nyuma yake. Zamani safari hiyo ilimpitisha Nairobi au Entebbe, akalala hapo, akanunua na vya hapo. Sasa hana sababu ya kukutana nawe njiani.

Ndege haikopeshi

Lakini anga ya Juba ina vikwazo vyake, na vimekwishaangusha wakubwa.

Kumbuka Jetlink, shirika la Kenya lililokuwa na safari za Juba. Novemba 2012 lilisimamisha ndege zake zote. Tiketi zilikuwa zikiuzwa na abiria walikuwepo. Tatizo ni kwamba zaidi ya dola milioni mbili za mauzo yake zilikuwa zimekwama Sudan Kusini kwa sababu dola za kuzitoa hazikupatikana. Januari mwaka huo serikali ya Juba ilikuwa imesimamisha uzalishaji wa mafuta kwa mgogoro na Khartoum juu ya malipo ya bomba, na chemchemi ya dola ikakauka. Shirika likafa likiwa na fedha zake benki.

Hadithi hiyo haijazeeka. Desemba 2015 pauni ya Sudan Kusini iliachwa ielee, ikaanguka kutoka karibu 3 kwa dola hadi zaidi ya 18 kwa mkupuo mmoja. Februari 2024 bomba linalopeleka mafuta Port Sudan lilipasuka katika eneo la vita, mapato ya mafuta yakapungua vibaya, na pauni ikaporomoka tena. Mfanyabiashara wa Juba huuza kwa pauni na hulipia shehena ya ndege kwa dola, tena kabla mzigo haujapakiwa. Kati ya siku aliyouza na siku aliyonunua dola, faida yake inaweza kuyeyuka yote.

Hapa ndipo mtu wa kati wa Kampala, Arua au Nairobi ana nguvu asiyoithamini. Yeye hauzi bidhaa tu. Anakopesha. Anampa mteja wake wa Konyo Konyo mali leo, alipwe lori lijalo. Anamjua kwa jina, anamjua na ndugu yake, anajua alilipa lini mara ya mwisho na alichelewa kwa nini. Anapokea shilingi, dola au nusu kwa nusu. Shirika la ndege halifanyi hivyo, na muuzaji wa Deira hamkopeshi mtu aliyemwona mara moja. Pale dola inapoadimika, biashara ya kuaminiana hurudi barabarani.

Kikwazo cha pili ni usalama. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, na tena Julai 2016, safari za abiria zilikatika kwa siku kadhaa. Kenya Airways ilikuwa miongoni mwa waliosimamisha mwaka 2016. Njia mpya ya ndege hufunguliwa kwa sherehe na hufungwa kwa barua pepe. Aliyeijenga biashara yake yote juu ya njia moja ya anga hubaki na wateja wanaodai na mzigo ulio kwenye ghala la watu ng'ambo.

Kikwazo cha tatu ni kile kisichoonekana kwenye picha za uzinduzi: ghala. Jengo la abiria lenye vioo halimsaidii mwenye dawa zinazohitaji ubaridi wala mwenye samaki. Uwanja wa biashara ni ule wenye ghala la shehena lenye paa zima, mizani inayoaminika, chumba baridi, afisa wa forodha anayefika saa ndege inapofika, na orodha ya ada iliyobandikwa ukutani. Tusipoyauliza haya, upanuzi utaishia kwenye sebule ya wageni mashuhuri.

Na kuna somo la kusikitisha. Novemba 4, 2015 ndege ya mizigo aina ya Antonov ilianguka muda mfupi baada ya kupaa Juba, ikaua makumi ya watu waliokuwa wamepanda pamoja na shehena. Agosti 2020 nyingine ilianguka karibu na mji huo huo. Miji kama Malakal na Bentiu haifikiki kwa barabara miezi ya mvua, na wafanyabiashara wengi wamezoea kupanda kwenye ndege za mizigo, wamekaa juu ya magunia yao. Uwanja mpya wenye ndege zilezile chakavu haujampunguzia mtu huyo hatari. Ukaguzi wa ndege za ndani ni sehemu ya upanuzi kama ilivyo lami.

Kila kizuizi barabarani ni tiketi ya ndege

Sasa turudi chini. Barabara ya Juba hadi Nimule ilikamilika Septemba 2012 kwa msaada wa Marekani, na ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami nchini humo. Upande wa Uganda, Elegu ilijengewa Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani. Sudan Kusini yenyewe iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mwaka 2021 Kenya, kisha Uganda, ziliwaondolea viza raia wa Sudan Kusini. Kwenye karatasi, njia ya lori ilipaswa kuwa nyepesi kuliko ilivyo.

Mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda waliuawa kwa kuviziwa kwenye barabara za kuelekea Juba, wenzao wakagoma na kuegesha malori Elegu hadi wahakikishiwe usalama. Mwaka 2024 ada mpya za shehena zilizotozwa na Juba, pamoja na ile ya hati ya kielektroniki ya kufuatilia mizigo, zilikwamisha malori mpakani. Hata malori ya mafuta ya Umoja wa Mataifa yalizuiwa, hadi serikali iliporegeza kamba. Zaidi ya hapo kuna vizuizi vya njiani, ambako kila kamba iliyofungwa kati ya miti miwili ina bei yake.

Watunga sera hudhani barabara na uwanja wa ndege ni mambo mawili, kila moja na idara yake. Mfanyabiashara anajua ni mizani moja. Kila siku ambayo lori linalala Elegu, na kila noti inayotolewa kwenye kizuizi, inaipunguzia ndege ughali wake. Bidhaa nyepesi zinahamia angani hata pale ambapo barabara ingezibeba kwa nusu ya gharama. Hasara ya kuhama huko haimpati mwenye simu. Inampata mwenye unga, kwa sababu simu zilikuwa zikisaidia kulipia safari ya lori. Mchuuzi aliyepakia mchanganyiko wa simu, nguo na mafuta ya kula alifidia faida ndogo ya mafuta kwa faida kubwa ya simu. Ukimwondolea simu, atapandisha bei ya mafuta au ataacha safari.

Ndiyo maana upanuzi wa uwanja bila kusafisha barabara unaweza kuifanya simu iwe rahisi na chakula kiwe ghali, katika mji mmoja, katika mwaka mmoja.

Cha kufanya

Kwanza, panga mali yako kwa uzito na thamani. Chukua daftari, andika kila bidhaa, gawanya bei yake kwa kilo zake. Zile zenye dola nyingi kwa kilo ndizo zitakazofuatwa na ndege. Kama nusu ya faida yako inatoka huko, una muda mfupi wa kujipanga, ama kwa kuwa wewe ndiye unayeagiza moja kwa moja kwa ajili ya Juba, ama kwa kuuza kile ambacho sanduku halileti: dhamana, ufundi wa kutengeneza, vipuri vinavyopatikana siku hiyo hiyo.

Pili, egemea bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya. Sabuni ya Kampala au unga wa Eldoret hauna mshindani anayetoka Istanbul kwa ndege. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasilia kwa bidhaa zake zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kilichobuniwa kwa wafanyabiashara wadogo. Sudan Kusini bado haijakamilisha utekelezaji wa Umoja wa Forodha, kwa hiyo utakutana na maafisa wanaokuhoji juu ya cheti hicho. Kibebe hivyo hivyo, na dai risiti kwa kila ulichotozwa. Malalamiko yasiyo na karatasi hayafiki mbali.

Tatu, itumie ndege kwa kazi yake. Kipuri cha jenereta ambacho hospitali inakihitaji kesho, sampuli za kumwonyesha mteja kabla ya kujaza lori, bidhaa ya kuziba pengo wakati malori yamezuiwa: hizo ndizo shehena za Entebbe hadi Juba, safari isiyofika saa moja na nusu angani. Anayejua kutumia lori na ndege kwa pamoja atamshinda anayetumia moja.

Nne, tazama ndege inaporudi. Juba huingiza karibu kila kitu, na ndege nyingi huondoka na nafasi tupu ya mizigo. Nafasi tupu huweza kupatikana kwa nauli ya chini, hasa kwa anayeahidi mzigo kila wiki. Sudan Kusini ina asali, gundi ya mgunga, mafuta ya shea ambayo wenyeji huyaita lulu, na samaki wa Mto Nile kutoka Terekeka na Bor. Hizi ni bidhaa zenye wateja Nairobi, Dubai na Istanbul. Kinachokosekana ni mtu wa kuzikusanya, kuzipanga kwa ubora, kuzifungasha na kuzipatia vyeti vya afya. Kazi hiyo hiyo ndiyo mchuuzi wa mpakani aliyoifanya miaka yote kwa upande mmoja wa njia. Anaweza kuifanya kwa upande wa pili.

Tano, vyama vya wafanyabiashara viingie chumbani mapema. Nchi za Jumuiya bado hujadiliana safari za ndege wawili wawili, ingawa Azimio la Yamoussoukro la 1999 liliahidi anga huru na soko moja la usafiri wa anga la Afrika lilizinduliwa Januari 2018. Katika mazungumzo hayo hukaa wizara na mashirika ya ndege. Nauli ya shehena, saa za forodha uwanjani na ada za ghala huamuliwa bila mwenye mzigo. Chama cha wachuuzi wa Konyo Konyo, Elegu na Kampala kikiwa na madai matatu yaliyoandikwa vizuri kitasikika kuliko manung'uniko elfu ya mmoja mmoja.

Juba ilistahili uwanja bora, na hakuna mwenye akili anayetamani kurudi kwenye mahema. Ila serikali zikitaka kujua kama upanuzi umewafaa wananchi, zisiishie kuhesabu abiria wanaoteremka ngazi. Zipeleke mtu Konyo Konyo akaulize bei ya unga, kisha apande gari hadi Nimule, ahesabu vizuizi njiani. Majibu hayo mawili yatawaeleza kilichobaki kujengwa.